Kofia ya vito mlangoni mwa klabu: majibu ya barua zenu za gofu

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa, kwa mistari mitatu tu, kwamba kijana wa jirani yangu alirudishwa mlangoni mwa klabu ya gofu kwa sababu fulana yake haikuwa na kola. Mistari hiyo mitatu imeniletea barua nyingi kuliko nilipoandika juu ya mifereji kukauka mwezi mzima. Kumbe watu mna mambo na gofu! Nimechagua barua tisa. Majina nimeyaficha, nimebakisha mitaa ya Mombasa.

Kabla sijaanza, tusidanganyane. Mimi nilibeba mifuko ya gofu nikiwa na miaka 14. Leo nina 61, ni mwanachama, nalipa ada yangu, na bado nikifika mlango wa mbele mguu husita kidogo. Kwa hiyo yasomeni majibu haya mkijua yanatoka wapi.

Ami, kazini tumealikwa siku ya gofu Jumamosi ijayo. Sijawahi kushika fimbo. Nivae nini nisiaibike? (Tudor)

Fulana yenye kola, na uichomeke. Suruali ya kitambaa, au kaptura ya kitambaa inayofika magotini, isiwe ile ya mifuko ya mapajani. Jinzi iache nyumbani hata kama uliinunua kwa nusu ya mshahara. Raba za kawaida zinatosha kwa siku ya kwanza. Mtu akikuazima viatu vya zamani vyenye njumu za chuma, mshukuru na umrudishie: klabu nyingi zilianza kuvikataza miaka ya 1990 kwa sababu vinachana nyasi za grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi wenye shimo. Beba shati la pili, maana hili la kwanza litalowa kabla hujafika shimo la tatu. Na mwenzako anapopiga, nyamaza, wala usisimame mbele ya macho yake. Watu watakusamehe rangi ya suruali, lakini simu ikilia wakati mtu ameinua fimbo, utakumbukwa mwaka mzima.

Nilialikwa na mkwe wangu chakula cha usiku klabuni kwake. Nilivaa kanzu, koti na kofia ya vito, ile ya matundu iliyoshonwa kwa mkono. Bawabu akaniambia kofia haziruhusiwi ndani. Sikusema neno, nikageuza nikarudi nyumbani. Mkwe amenuna. Nilikosea? (Mji wa Kale)

Shikamoo mzee wangu. Hukukosea. Wala bawabu hakukosea, yeye kasoma ubao uliotundikwa na waliomwajiri. Kosa liko kwenye ubao.

Kanuni ya kuvua kofia ndani ya nyumba ilitoka kwa watu ambao kwao mwanamume huonyesha adabu kwa kufunua kichwa, kanisani, mbele ya mwanamke, mbele ya mfalme. Huku kwetu ni kinyume chake. Mtu wa heshima hufunika kichwa, na akikifunua mbele ya wakwe watu huuliza kuna nini. Kwa hiyo bawabu alipokwambia uvue, yeye alikuwa anakuomba adabu, na wewe ulisikia unaombwa uiache adabu mlangoni. Nyote wawili mlikuwa waungwana, mkapishana.

Na mimi yamenikuta. Miaka kama ishirini iliyopita nilialikwa klabu moja ya bara, sitaitaja, nikaambiwa hayo hayo. Mimi sikuwa na ujasiri wako, niliivua. Nikaitia mfuko wa koti, nikakaa usiku mzima mkono uko mfukoni kama mtu mwenye tumbo la kuuma, naikinga isibonyee. Kofia ile alinishonea mjomba, tundu moja moja, sindano na uzi, kazi ya miezi. Mle ndani palikuwa na watu waliovaa tai za kununua dukani mchana ule ule, nao ndio waliohesabiwa wamevaa. Ukutani palikuwa na picha ya waasisi wa klabu. Nikainuka kwenda kuitazama kwa karibu. Wote, mzee wangu, wote wamevaa helmeti za jua.

Watu wa klabu hupenda kusema "ni desturi." Sawa, tuhesabu desturi. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911. Mwaka huo jina la koloni la Kenya lilikuwa bado kuzaliwa, ukanda huu wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilikuwa inapepea Ngome ya Yesu. Mwenye bendera alikuwa mtu wa joho na kilemba. Kama ni kutafuta nani kamkuta mwenzake hapa Mombasa, kilemba na kola, jibu halihitaji kamati.

Lakini nisikupe kichwa sana. Sisi ndio watu wa mwisho wa kulalamikia kanuni za mavazi. Hebu mtu aende kwenye nikahi mtaani Kuze na fulana ya mpira, aone atakavyopimwa kwa macho kutoka kizingitini hadi jamvini. Hatukatai kanuni. Tunauliza tu desturi ya nani iliyoandikwa ubaoni, na kwa nini ya yule aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka hapo haikupata hata mstari mmoja. Wala si gofu peke yake: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, vazi ambalo Rais wa nchi mwenyewe alikuwa akilivaa mara kwa mara.

Mkwe wako asinune, afanye kazi. Aandike barua kwa kamati aombe mstari mmoja uongezwe: mavazi ya heshima ya kitaifa na ya dini yanakubaliwa katika kumbi zote. Klabu kadhaa zimeshauweka, na sijasikia paa lililoanguka. Ukishawekwa, alika tena, uende na kofia yako, ukale.

Nina miaka 29, navaa buibui na hijabu. Nataka kujifunza gofu lakini mwalimu kaniambia vazi langu "linavunja sheria za mchezo." Ni kweli? (Kizingo)

Si kweli, bibie. Sheria za gofu, zinazotungwa na R&A ya Scotland pamoja na USGA, chama cha gofu cha Marekani, hazikupangii nguo. Zinakueleza la kufanya mpira ukiingia majini, ukigonga mti, ukimezwa na mbwa. Mavazi zimewaachia kamati za wenyeji kuyawekea kanuni za mwenendo. Kwa hiyo mwalimu wako alitaka kusema "kanuni za klabu," na kanuni za klabu hubadilishwa kwa kupiga kura.

Tena mpe aisome Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27. Katika orodha ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, pamoja na rangi, jinsia na dini, limo na neno moja ambalo wengi hulipita: mavazi. Kifungu hicho hakikuishia kwa serikali. Kinamkataza na mtu binafsi.

Sasa tuache sheria, twende uwanjani, maana huko ndiko utakakopata tabu ya kweli. Buibui la kawaida halitakukataza kupiga, ila litakukataza kuzungusha nyonga. Wanaocheza na stara niliowaona huvaa suruali pana na kanzu fupi inayofika magotini, imepasuliwa pembeni, kitambaa chepesi kisichonata kwa jasho. Hijabu iwe ile ya kuvalia michezo, ya kuvutwa kichwani, isiyo na ncha zinazoning'inia. Hilo nalisisitiza. Ukicheza kando ya Mama Ngina Drive wakati wa kusi, upepo unatoka baharini moja kwa moja, hauna ukuta wa kuuzuia. Nilimwona mama mmoja ameinua fimbo, upepo ukainua mtandio ukamfunika uso wote, naye akapiga hivyo hivyo. Mpira ulikwenda ukakaa hatua mbili kutoka shimoni. Akafunua uso akauliza, "Umeenda wapi?" Hakuna aliyemjibu, tulikuwa tunacheka. Lakini hiyo ni bahati ya siku moja. Bana ncha na pini.

Mbona klabu bado zina "siku ya wanawake"? Siku nyingine ni za nani? (Nyali)

Swali lako ndilo jibu, mama. Siku hizo zilianza pale ambapo siku nyingine zote zilikuwa za wanaume bila kuandikwa popote. Leo katika klabu nyingi zimebaki kuwa mashindano ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, na wengi wanazipenda. Sioni ubaya, mradi Jumamosi asubuhi usiambiwe usubiri kina baba wamalize.

Nafasi uwanjani imeshakuwa mambo madogo. Mambo makubwa ni meza ya kamati. Hapa nchini tuna kesi ambayo kila mwanamke mwenye kadi ya klabu angeijua kama anavyoijua namba ya simu yake. Wanawake wa klabu ya Limuru walipozuiwa kugombea nafasi ya uongozi walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2014 mahakama ikaamua kuwa kanuni ile ni ubaguzi, na kwamba klabu kuwa ya watu binafsi haiipi ruhusa ya kukaa nje ya Katiba. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, iliyokuwa ya wanaume tangu karne ya kumi na nane, ikapiga kura kuwakubali wanawake. Limuru na St Andrews mwaka mmoja! Tusiambiwe tena kwamba haya mambo tunayaiga kutoka Ulaya.

Ukitaka kucheka zaidi, isome habari ya klabu ya Muirfield, pia Scotland. Mei 2016 wanachama walipiga kura juu ya wanawake, thuluthi mbili ikakosekana kwa kura chache. Siku hiyo hiyo waandaaji wa mashindano ya The Open wakasema, basi huko hatuji tena. Machi 2017 kura zikarudiwa, na mara hii zikatosha na kubaki. Desturi ya karne mbili na zaidi iliona njaa miezi kumi, ikalainika.

Kaptura sasa ni ruhusa au si ruhusa? (Changamwe)

Ruhusa, na ilichelewa. Ziara ya wanaume wa kulipwa wa Marekani, PGA Tour, iliwaruhusu wachezaji kaptura mwaka 2019, kwa siku za mazoezi na zile za kucheza na waalikwa wasio wa kulipwa tu. Siku ya mashindano miguu ifunikwe. Klabu zetu zilitangulia kwa hilo, ila zamani nyingi zilidai soksi ndefu hadi chini ya goti. Nimewaona watu wazima na akili zao, mwezi wa Februari, Mombasa hii, wanavuta soksi za sufu juu wakitokwa na jasho puani. Soksi fupi siku hizi zinakubaliwa karibu kila mahali. Uliza kwanza kwa simu.

Ami, nataka kujiunga na klabu lakini fomu inataka wanachama wawili wanitie sahihi, na mimi sina ninayemjua. Huu si ukabila wa matajiri? (Likoni)

Mwanangu, hii ni posa tu. Unatafuta mshenga, mshenga anakusemea kwa wenyewe, jina lako linabandikwa ukutani wiki kadhaa ili mwenye neno aseme, kisha unaitwa kuhojiwa na wazee waliokunja miguu. Tofauti ni kwamba kwenye posa ukikataliwa utapata sababu, kama si kwa baba wa binti basi kwa shangazi yake. Klabuni unaweza kukataliwa kwa kura ya siri na usijue mpaka unaingia kaburini ulikosea nini.

Mshenga mimi namtetea. Klabu huendeshwa kwa chiti: unakula, unakunywa, unatia sahihi, unalipa mwisho wa mwezi. Mtu akitoroka na deni, wa kwanza kuulizwa ni aliyemleta. Ni dhamana, na dhamana si ubaguzi. Ninachokipinga ni ile pingamizi isiyo na jina wala sababu. Kwa pingamizi ya namna hiyo Afrika Mashariki ya kikoloni iliweka klabu za Wazungu kuwa za Wazungu, bila hata ya kuandika neno rangi kila mahali. Wamarekani waliandika: chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kilikuwa na kifungu cha kuwakubali weupe tu mpaka kilipokifuta mwaka 1961. Klabu ya Augusta National haikuhitaji kifungu. Ilinyamaza tu, na mwanachama wake mweusi wa kwanza akaingia mwaka 1990, wanawake wawili wa kwanza mwaka 2012.

Sasa wewe wa Likoni ufanyeje? Usiende na fomu mkononi. Nenda ukacheze kama mgeni kwa kulipa ada ya siku, siku za wiki ambapo ni nafuu. Omba kuunganishwa na watatu wanaohitaji wa nne. Cheza upesi, lipa soda, usibishane juu ya hesabu ya mapigo. Ukirudi mara sita, saba, kuna mtu atakuuliza mbona hujajiunga. Huyo ndiye mshenga wako. Klabu zenyewe zinawahitaji vijana, hata kama wazee hawasemi kwa sauti. Neno "gofu" kwetu, kabla ya mchezo huu kufika, lilikuwa nyumba iliyobaki kuta, na klabu isiyoingiza damu mpya inakaribia maana ile ya kwanza.

Mimi ni kedi, mbeba mifuko ya wachezaji, mwaka wa kumi na moja huu. Nacheza kuliko nusu ya ninaowabebea. Jumatatu turuhusiwapo nacheza, siku nyingine nabeba, na ukumbini siingii. Nikiomba uanachama watanicheka? (Kisauni)

Watacheka wachache, na hao huwa ndio wanaokuuliza upepo unatoka wapi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi bega langu la kushoto mpaka leo liko chini kuliko la kulia. Mkanda wa mfuko uliliweka hapo. Makedi wa zamani tunajuana hivyo hivyo, kwa mabega. Nilijua kila mteremko wa kila grini, nilijua nani hupunguza pigo moja akiandika kadi, nilijua mke wa nani kagombana naye asubuhi. Mlango wa ukumbi niliujua kwa nje.

Na si sisi tu. Augusta, hadi mwaka 1982, mchezaji wa mashindano ya Masters alilazimika kuchukua kedi wa klabu, na makedi wa klabu walikuwa weusi. Watu wale waliisoma ardhi ile kwa miaka hamsini wakiwasomea wengine. Mweusi wa kwanza kuicheza Masters, Lee Elder, aliingia mwaka 1975. Ujuzi ulikuwa umeruhusiwa zamani, mwenye ujuzi ndiye aliyekuwa akisubiri.

Hapa kwetu wachezaji wengi wa kulipwa waliotoka Kenya walianza na mfuko begani, kwa hiyo njia ipo, imekanyagwa. Fanya hivi. Kwanza pata handikapu rasmi, kile kipimo cha uchezaji wako. Bila hiyo wewe ni maneno tu. Pili uliza kama klabu ina daraja la uanachama wa wachezaji au wa vijana lenye kiingilio kidogo, na kama kiingilio kinaweza kulipwa kidogo kidogo. Changu nililipa miezi 18. Tatu, mshenga wako awe mmoja wa unaowabebea, na usimwombe siku aliyoshindwa. Mimi nilimbebea mzee mmoja miaka mingi, nikamsubiri mpaka alipopata shimo kwa pigo moja. Alitia sahihi juu ya mfuko wake pale pale, mkono unamtetemeka kwa furaha. Kama angalikuwa na binti nadhani angenioza.

Ukishaingia, siku ya kwanza ukumbini, utakaa kiti cha karibu na mlango. Sote tulikaa hapo. Siku ya pili sogea.

Watu wanasukumana feri ya Likoni kwenye jua, na wewe unaandika kola na kofia za matajiri. Huoni haya? (Mtongwe)

Naona, ndugu yangu. Ukisimama kwenye uwanja ule wa gofu unaiona feri, na kelele za abiria zinakufikia upepo ukigeuka. Lakini vijana wawili walioniandikia hapo juu wanatoka ng'ambo hiyo hiyo na Kisauni, wala si matajiri. Ukiwaambia mlango ule hauwahusu, utakuwa umemsaidia bawabu kazi yake. Juu ya feri nitaandika, nipe wiki mbili.

Fulana ya kola ya bei ya mtu wa kawaida inapatikana wapi? (Mikindani)

Kongowea, kwenye mitumba, siku bunda linapofunguliwa asubuhi. Fulana za gofu zimejaa pale kwa sababu Wamarekani wazee wanakufa na watoto wao hawazitaki. Juzi nilimwona hamali amebeba gunia la viazi, kifuani ana nembo iliyofumwa kwa uzi wa dhahabu, tai wawili na ngao, na jina la klabu moja ya Florida. Nikamuuliza aliinunua kwa bei gani. Shilingi 150. Nikamwambia hiyo ukivaa utapita mlango wowote wa klabu Mombasa hii. Akanitazama, akaweka gunia chini, akainamisha kichwa kuisoma nembo kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Na gunia?" akaniuliza.

Basi nenda mapema, chagua pamba tupu, na uangalie kifungo cha juu ya kola. Mara nyingi hakipo.